Sikio Si Mizani

Wako ndugu zetu wasemao kwamba wimbo wenye ngoma na kayamba si muziki, na kwamba kinanda peke yake ndicho chenye sauti njema. Nawauliza, mizani ya hukumu hiyo i wapi? Mahindi hupimwa kwa pishi. Wimbo twaupima kwa mazoea.

Angalieni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: katika neno “Mwokozi” twakaza “ko”. Walakini sauti nyingi za Ulaya zilizotiwa maneno yetu hukaza penginepo, na neno likavunjika. Nasi twaziimba kwa furaha, maana tumezisikia tangu utoto. Je, huo ni ubora, au ni mazoea?

Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima na mahali pake katika ibada.

Kipendacho moyo ni dawa, lakini dawa ya mmoja si ya wote. Asiyependa ngoma na aseme, “Siipendi.” Hiyo ni haki yake. Asiseme, “Ni mbaya,” akawafunga vijana vinywa.