Mkate Uitwao Uhai

Waarabu wengi husema khubz. Mmisri akiutaka mkate husema aish, na maana yake ni uhai. Neno hilo ni la ukoo mmoja na maisha na kuishi za Kiswahili, kwa hiyo msomaji wa pwani hahitaji mkalimani ili afahamu kwa nini bei ya mkate mjini Cairo haijapata kuwa bei tu. Anachohitaji ni kuivua miwani ya mapenzi ya zamani, na hiyo si kazi nyepesi.

Kwani pwani hii imeipenda Misri kwa sikio. Taarab ya Unguja imechota kwa Misri tangu enzi za Seyyid Barghash. Sauti ya Umm Kulthum imekesha barazani Unguja, Lamu na Mombasa. Na idhaa ya Kiswahili ya Redio Cairo, iliyoanza mwaka 1954, iliwakera wakoloni kwelikweli. Mapenzi hayo yana haki yake. Lakini yamezaa ada mbaya ya kumtafutia udhuru kila anayekikalia kiti cha Nasser. Ikisemwa kwamba Misri inakopa kupita kiasi, hujibiwa kwamba ina watu wengi; ikisemwa kwamba inafunga watu, hujibiwa kwamba ina maadui wengi. Na wenye majibu hayo husahau kwamba chini ya Nasser huyohuyo mshairi Ahmed Fouad Negm alitiwa gerezani pamoja na Sheikh Imam, kipofu aliyekuwa akiyaimba mashairi yake.

Januari 1977 serikali ya Anwar Sadat, kwa shinikizo la Shirika la Fedha Duniani, ilitangaza kupunguza ruzuku ya vyakula. Kwa siku mbili, tarehe 18 na 19, mitaa ilifurika watu tangu Alexandria hadi Aswan. Makumi wakauawa, na ruzuku ikarudishwa. Somo lilikuwa wazi: lishughulikie shamba, kiwanda na mshahara. Sadat alisoma jengine, kwamba mahali Misri ilipo kwenye ramani pana bei yake. Novemba ya mwaka huohuo alikuwa Jerusalem. Mwaka 1979 akatia saini mkataba wa amani na Israel, na fedha za Marekani zikamiminika. Sinai ilirudi, na hilo mtu asilibeze. Ila tangu hapo siasa ya nje imekuwa duka la kuwalisha watawala. Hosni Mubarak alipopeleka askari vitani dhidi ya Iraq mwaka 1991, alisamehewa sehemu kubwa ya madeni. Deni likafutwa, tabia iliyolizaa ikabaki.

Mwaka 2011 umma ulipomng'oa Mubarak, uliyapanga maneno yake kwa utaratibu ambao mtunzi yeyote angeuonea wivu: aish, uhuru, haki ya jamii. Mkate ulitangulia. Mohamed Morsi, aliyechaguliwa mwaka 2012, alitawala mwaka mmoja, vibaya, kisha jeshi likamwondoa tarehe 3 Julai 2013. Siku chache baadaye Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Kuwait ziliahidi dola bilioni 12. Mwezi uliofuata, kwa siku moja tu, mamia ya wafuasi wake waliuawa katika uwanja wa Rabaa. Waliotoa ahadi hawakuiondoa.

Na fedha zilikwenda wapi? Nyingine zilikwenda katika mji mkuu mpya jangwani, mashariki ya Cairo, wenye mnara mrefu kuliko yote Afrika. Mwaka 2019 Rais Abdel Fattah al-Sisi alipolaumiwa kwa kujenga makasri hakukanusha. Alijibu kwamba anayajenga na ataendelea kuyajenga, kwa ajili ya Misri. Mwaka uliofuata mkate wa ruzuku ulipunguzwa uzito kutoka gramu 110 hadi 90. Juni 2024 bei yake ikapandishwa kutoka piasta 5 hadi 20, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Dola iliyokuwa chini ya pauni 9 za Misri kabla ya Novemba 2016 ilikaribia pauni 50 mwezi Machi 2024. Ni kweli, vita vya Ukraine viliigonga nchi inayoagiza ngano nyingi kutoka Bahari Nyeusi, na mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliyapunguza mapato ya Mfereji wa Suez zaidi ya nusu mwaka 2024. Lakini makasri hayakujengwa na Urusi wala na Wahuthi.

Waswahili husema dawa ya deni kulipa. Cairo, dawa ya deni imekuwa deni jengine, na likikosekana, ardhi. Watu wa visiwani na waisikilize habari ya Tiran na Sanafir. Aprili 2016, mfalme wa Saudi Arabia akiwa mgeni mjini Cairo, ilitangazwa kwamba visiwa hivyo viwili ni vyake. Huenda wanahistoria wana la kubishana. Wananchi hawakupewa nafasi ya kubishana: waliotoka barabarani walikamatwa, na mahakama kuu ya utawala ilipoamua Januari 2017 kwamba visiwa ni vya Misri, Bunge liliupitisha mkataba Juni mwaka huohuo kana kwamba mahakimu hawakusema neno. Februari 2024 ikaja zamu ya Ras el-Hekma, ufukwe wa Bahari ya Kati, kwa mapatano ya dola bilioni 35 na Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha likauongeza mkopo wake kutoka bilioni 3 hadi 8.

Wapenzi wa Misri watasema hayo ni mahesabu, na wao ni watu wa mashairi. Basi walitazame shairi. Galal El-Behairy aliandika maneno ya wimbo wa kejeli juu ya Rais, ulioimbwa na Ramy Essam mwanzoni mwa mwaka 2018. Machi alikamatwa. Julai mahakama ya kijeshi ilimhukumu miaka mitatu kwa ajili ya diwani yake. Mwaka 2021 miaka hiyo ilitimia, na badala ya kufunguliwa mlango alifunguliwa mashtaka mapya.