Fuvu Limepata Jina, Wenyeji Bado

Mwaka 1963, msafara wa watafiti kutoka Uingereza ulichimbua fuvu la reptilia mkubwa wa kale katika Bonde la Ruhuhu, magharibi ya Songea. Fuvu hilo lina urefu wa zaidi ya sentimita 75, na mnyama mwenyewe anakadiriwa kuwa na urefu wa mita 5. Lilihifadhiwa katika makumbusho ya London, likakaa bila jina rasmi hadi mwaka 2022, ndipo Richard Butler na wenzake walipolitangaza kuwa ni la spishi mpya: Mambawakale ruhuhu, yaani mamba wa kale wa Ruhuhu.

Utambuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Wataalamu walichunguza tundu la pua, ambalo ni jembamba, na meno makubwa mfano wa chonge, wakalinganisha alama hizo na mafuvu mengine yanayojulikana. Zilitosha kuonyesha kwamba mnyama huyu ni wa peke yake. Hazikutosha kubainisha nafasi yake hasa katika ukoo unaohusiana na mamba, na hilo nalo liliandikwa wazi. Tabibu mwangalifu hufanya vivyo hivyo.

Lakini lipo pengo ambalo hakuna kipimo kinachoweza kuliziba. Wenyeji waliofanikisha msafara ule hawakuandikwa majina, ingawa Tanganyika ilikuwa huru tangu mwaka 1961. Watafiti wa 2022 walikiri jambo hilo, wakachagua jina la Kiswahili ili kuwaenzi. Heshima hiyo ni njema, ila imechelewa: jina la mnyama haliwezi kumrudishia mtu jina lake.

Sekta ya afya isidhani kwamba kosa hilo ni la wachimbaji wa visukuku peke yao. Mtoto anapofikishwa hospitali usiku, huenda aliyeona degedege likianza ni jirani, na aliyetambua dalili za hatari ni mhudumu wa afya wa kijijini. Majina yao na namba zao za simu zisipoandikwa, asubuhi daktari atamuuliza nani? Mgonjwa naye akizoeleka kuitwa "kitanda namba nne" au "yule wa sukari", ni rahisi dawa yake kumfikia mwingine.

Kwa hiyo kila fomu ya rufaa ionyeshe jina la aliyemtambua mgonjwa na la aliyemleta, na mhudumu asiione kazi hiyo kuwa ya ziada. Mgonjwa na ndugu zake nao wana haki ya kuuliza, kwa adabu, kama maelezo yao yameandikwa. Vilevile, mwanakijiji wa Ruhuhu atakayeona jiwe lenye umbo la mfupa aliache mahali pake, atoe taarifa katika ofisi ya kijiji, na jina lake liandikwe siku hiyohiyo. Fuvu liliweza kusubiri miaka 59. Kumbukumbu ya aliyeliona haisubiri.