Saini ya Kielektroniki Wodini: Ufunguo Uko kwa Nani?

Jalada la karatasi lina maudhi yake. Hupotea, hulowa, na mwandiko wa daktari huwa mtihani kwa mfamasia. Hata hivyo lina fadhila moja isiyosemwa: chini ya kila agizo kuna saini ya wino, na mwenye saini hiyo haikani kwa urahisi, wala lawama yake haimwangukii mwingine ovyo. Vituo vya afya vinapohamisha kumbukumbu kwenda kwenye kompyuta, fadhila hiyo haihami yenyewe. Sheria imekwisha kuitengenezea njia. Kilichobaki nyuma ni mazoea ya wodini.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Lakini si kila saini ya kielektroniki ina uzito ule ule. Sheria hiyo inaitaja pia saini iliyo salama: yenye kumtambulisha mtiaji, itokanayo na njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na iliyofungamana na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilishwa, badiliko hujulikana. Kenya nako, saini ya daraja la juu hudaiwa masharti yanayokaribiana na hayo.

Kwa kipimo hicho, picha ya saini iliyopigwa na kubandikwa chini ya cheti cha matibabu ni dhaifu mno. Aliyeipata mara moja aweza kuibandika mara elfu. Wengi huiamini kwa sababu inafanana na wino, na kufanana huko ndiko kunakopotosha.

Saini ya kidijitali iliyo imara hufanya kazi kwa jozi ya funguo. Ufunguo mmoja ni wa siri na hubaki kwa mwenyewe, mara nyingi ndani ya kadi au kifaa chake. Wa pili ni wa wazi. Kompyuta hukokotoa waraka mzima na kupata muhtasari mfupi wa tarakimu, kisha ufunguo wa siri hutumika kuutia saini muhtasari huo. Mwenye ufunguo wa wazi huhakiki. Agizo la mofini ya miligramu 5 likiongezwa sifuri moja tu baada ya kusainiwa, muhtasari haulingani tena na saini huonekana kuwa batili. Hakuna wino uliowahi kumlinda mgonjwa namna hiyo.

Lakini ufunguo wa wazi ni wa nani? Hapo ndipo kinapoingia cheti cha kidijitali. Mgonjwa hana njia ya kuyapima masomo ya daktari aliye mbele yake. Huiamini leseni, kwa kuwa huliamini baraza lililoitoa. Cheti nacho hutolewa na mamlaka inayothibitisha kwamba ufunguo fulani ni wa mtu fulani. Kina tarehe ya kwisha, na chaweza kufutwa kadi ikiibwa au mtumishi akihama. Na kama ilivyo kwa leseni, mtoaji akivurunda, vyeti vyote alivyotoa huingia shakani. Mwaka 2011, wadukuzi waliingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti hivyo, wakajitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500. Kampuni iligundua uvamizi mwezi Julai. Umma ulikuja kujua mwishoni mwa Agosti. Mwezi Septemba kampuni ikafilisika. Ukimya ule wa wiki kadhaa wafaa kukumbukwa na kila kitengo cha TEHAMA hospitalini.

Hata hivyo, hospitali haihitaji mdukuzi ili saini zake zipoteze maana. Yatosha nywila moja iliyoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ubavuni mwa kompyuta ya wodi. Muuguzi wa asubuhi hufungua mfumo, na zamu mbili zinazofuata huandika kwa jina lake. Siku mgonjwa atakapopewa dawa mara mbili, kumbukumbu itamtaja aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Atajitetea kwa nini, ikiwa mfumo unasema ni yeye?

Watetezi wa mazoea hayo wana hoja isiyopuuzika. Kompyuta ni chache, kuingia kwenye mfumo huchukua dakika, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri. Basi mzigo huu usitwikwe wauguzi. Ni wajibu wa uongozi kumpa kila mtumishi kadi yake, kuweka njia ya kuingia kwa sekunde chache, na kuruhusu agizo la mdomo wakati wa dharura liandikwe wazi kuwa ni la mdomo, kisha daktari aliyelitoa alisaini mwenyewe hali ikitulia. Kumkemea mtumishi pasipo kumpa nyenzo ni kutafuta wa kulaumiwa tu.

Kwa mgonjwa, jambo zito zaidi ni ridhaa. Saini huonyesha nani alisaini na alisaini nini; haionyeshi kama alielewa. Anayenyoshewa kishikwambi aguse kioo kabla ya upasuaji ana haki ya kusomewa maandishi yote kwa lugha aijuayo, kuuliza, kukataa, na kuomba nakala. Kidole kilichobonyezwa kwa haraka si ridhaa, hata kama mfumo umekipokea.

Lipo na suala la muda, ambalo wanunuzi wa mifumo hulisahau. Cheti huisha baada ya miaka michache, ilhali jalada la mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo leo litafunguliwa tena akiwa mtu mzima. Pasipo muhuri wa wakati unaothibitisha kwamba saini ilitiwa cheti kikiwa hai, daktari wa siku hiyo atakuta saini asiyoweza kuihakiki. Sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wa ununuzi, kabla mfumo haujafungwa wodini.