BINTI YAKO, BAISKELI NA MSITU WA PUGU



Himidi zote ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu katika imani, leo nina jambo la kuungama na jambo la kufundisha. Naanza na la kuungama, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu. Suratul-Baqara aya ya 160 inatufundisha kwamba aliyeficha haki hatoshelezwi na kujuta tu. Lazima atengeneze alichoharibu na aibainishe haki.

Miaka michache iliyopita, katika darsa baada ya Maghrib hapa Mbagala, niliulizwa kuhusu binti kuendesha baiskeli. Nikajibu papo hapo: haifai. Sikutaja aya, sikutaja hadithi, sikutaja kauli ya mwanachuoni yeyote. Nilichukua desturi niliyolelewa nayo nikaivisha kilemba cha dini.

Hivi karibuni mzee mmoja alinifuata baada ya Isha. Akaniambia, "Sheikh, binti yangu ana miaka 14. Anaomba kwenda na wenzake wa madrasa kuendesha baiskeli kule msitu wa Pugu. Mama yake amekubali. Mimi nimemkatalia kwa neno lako. Sasa ananiuliza, baba, dalili iko wapi? Nami sina." Nikamjibu, "Hata mimi sina, mzee wangu. Nipe siku tatu."

Nikafungua vitabu. Hebu nikueleze nilichokikuta.

Kwanza, asili ya mambo ya kawaida ya dunia ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Baiskeli ni kipando kama vipando vingine. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewasifu wanawake wa Kiquraishi, na akawaelezea kwa sifa ya kupanda ngamia. Na katika Sunan Abi Dawud, Mama yetu Aisha (r.a.) anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, Mtume akamshinda yeye, kisha akamtania kwamba hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Tazama nyumba ya Mtume ilivyokuwa na furaha. Leo sisi tunaona aibu hata kumwona binti akikimbia kuwahi daladala.

Pili, lipo lile ambalo wazazi hulisema kwa kunong'ona: ubikira. Nitalisema kwa heshima, maana kulinyamazia kumewaumiza wengi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam an-Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kilichoondoka kwa njia isiyo ya tendo la ndoa, kama kuanguka, hakibadilishi hukumu: msichana huyo ni bikira katika sheria. Heshima ya binti yako haikai juu ya tandiko la baiskeli. Na anayemtuhumu msichana kwa dhana hiyo ajiandae kujibu mbele ya Allah.

Basi siku ya tatu nikamwambia mzee: baiskeli yenyewe halali. Swali lililobaki ni wapi, vipi, na kwa adabu gani.

Tuanze na wapi. Sitakwambia umwachie mwanao, wa kiume wala wa kike, ajifunzie baiskeli Barabara ya Kilwa. Unaijua barabara ile. Lori la mchanga linakuja nyuma, daladala inachomoka kituoni bila kuangalia, bodaboda inapita kushoto na kulia. Jirani yangu mmoja alivunjika mguu akiwa kwenye baiskeli yake ya mkate, pembeni kabisa mwa lami. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na mzazi anayempeleka mtoto kwenye madhara ayajuayo hawezi kusema ni qadar tu.

Sasa, Allah ametuachia kitu jirani na mji wetu ambacho wengi wetu hatujakikanyaga. Pita Gongo la Mboto, pita Pugu Kajiungeni, shika njia ya Kisarawe. Hapo kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, msitu wa pwani unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa watu wa Mbagala na Kongowe, upo pia msitu wa Vikindu, kando ya hiyo hiyo Barabara ya Kilwa. Ndani ya Pugu kuna njia za udongo na changarawe, vilima, kivuli, na bwawa la Minaki. Hakuna lori, hakuna honi. Unalipa ada getini, unaingia.

Nilikwenda mwenyewe kwanza, sikutaka kutoa fatwa ya pili nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Tulipakia baiskeli kwenye kirikuu baada ya Alfajiri, mimi na vijana watano. Changarawe si lami, ndugu yangu. Tairi jembamba linateleza, ukibana breki ya mbele ghafla unakwenda chini. Vijana walinifundisha kupunguza upepo kidogo kwenye matairi, na kwenye mteremko kurudisha mwili nyuma. Kilima cha kwanza nilishuka nikaikokota baiskeli, wakanisubiri juu wakicheka, nami nikacheka nao. Kisha tukaswali Dhuha chini ya miti, qibla kaskazini, jua mkono wa kulia. Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu. Nilikuwa nimelisema hilo mara nyingi kwenye kipaza sauti, lakini siku ile nililionja.

Hapo ndipo nilipojua nilichowanyima mabinti zetu. Hadithi ya Muslim inasema Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko Muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Mama zetu wanaumwa sukari na presha. Tunawafungia ndani tangu wana miaka 12, halafu wakifika 40 tunashangaa hawawezi kupanda ngazi.

Ama adabu zake, zishike hizi:

1. Wasichana waende kundi lao, pamoja na mama, shangazi au kaka wa kuaminika. Msitu ni mahali pa utulivu, usiwe maficho ya maasi.

2. Stara, tena stara ya busara. Baibui pana linanaswa na mnyororo. Suruali pana, kanzu fupi iliyo pana, mtandio uliobanwa vizuri chini ya kofia ngumu. Stara inayomwangusha mtoto haikufikiriwa.

3. Swala isipotee. Kama huna hakika ya kurudi kabla ya Adhuhuri kutoka, chukua maji ya udhu na mkeka.

4. Kaa kwenye njia ulizoonyeshwa, msikilize mhifadhi, wala usiwasumbue nyani na komba. Nao ni umma kama sisi, kama inavyosema Suratul-An'aam aya ya 38.

5. Ulichoingia nacho toka nacho. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, seuze kuuweka.

Jambo la mwisho linatuhusu hata sisi tusioendesha. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo vya Pugu. Msitu ukikatwa, mvua hushuka na udongo wote hadi Jangwani, na wanaopoteza magodoro na vyombo ni ndugu zetu wa mabondeni. Na kinachoukata zaidi ni mkaa, ambao unaishia kwenye majiko yetu sisi wa Temeke na Kinondoni. Simlaumu mama anayepikia mkaa kwa kukosa uwezo. Lakini mwenye uwezo wa gesi ahame. Na mtoto aliyeupita msitu ule kwa baiskeli asubuhi moja hatakubali kuuona gunia gunia barabarani. Ataulinda kwa sababu ameupenda.

Mzee yule amemruhusu binti yake. Jumapili iliyopita alikwenda naye mwenyewe, akakaa kwenye kivuli na tasbihi yake. Alinipigia simu jioni akasema, "Sheikh, ameanguka mara mbili, na sijawahi kumwona amefurahi vile."

Na wewe uliyemkatalia binti yako kwa neno langu la zamani, nakuomba radhi. Neno lile nimelirudisha. Mwambie leo, kabla hajalala.

Ewe Mola, tusamehe tuliyoyasema bila elimu, walinde watoto wetu barabarani, na tujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi yako. Aamiin.

Wallaahu a'lam.