Tafuta Kitabu Kwenye Simu Kwanza



Umekwisha kujua kusoma. Hongera. Sasa unataka kitabu. Lakini duka la vitabu liko mjini, na pengine nauli inazidi bei ya kitabu chenyewe. Ukikaa bila kusoma, herufi husahaulika. Wako watu waliomaliza kisomo, na leo wanaweka dole gumba kama zamani. Basi kabla hujauza debe la mahindi ili ununue kitabu, tafuta kwanza kwenye simu.

Simu inayotakiwa ni ile ya kupangusa. Kama huna, ongea na mwenzako wa kikundi. Simu moja yatosha watu kadhaa, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kisha mnapokezana.

Simu hiyo huwekewa programu. Programu ni nini? Fikiri juu ya trekta. Ukilifunga plau, linalima. Ukilifunga tela, linabeba mizigo. Simu nayo ukiiwekea programu ya vitabu, inakuwa maktaba.

Programu moja ninayoipenda ni African Storybook Reader, iliyotoka Afrika Kusini. Ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Vitabu vyake ni bure. Vimepangwa kwa hatua: vingine vina maneno machache tu katika ukurasa, vingine vina aya nzima. Anza na hatua ya chini. Usione haya kwamba ni hadithi za watoto. Mimi mwenye cheti cha kilimo huzisoma, na nyingine zimenichekesha sana.

Je, una mtoto shuleni? Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule. Angalia humo kabla ya kununua.

Kumbuka, kitabu ni bure lakini bando unalipa. Kwa hiyo chagua vitabu siku ya mnada, ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uvihifadhi ndani ya simu. Zima data, kisha fungua kitabu. Kikifunguka, utakisoma nyumbani bila bando.

Kitabu cha kununua, uliza bei kwa wauzaji wawili au watatu. Uliza na gharama ya kukituma kwa basi, ujumlishe. Hapa uwe macho. Mtu usiyemjua akisema, "Tuma hela kwanza," usitume. Akitaka namba yako ya siri, huyo ni mwizi. Kata simu.

Kitabu cha kilimo napendelea kiwe cha karatasi. Juani kioo cha simu hakisomeki vizuri, na mikono yenye udongo huiharibu simu. Kikundi kichangiane, kinunue kimoja. Kikae kwa katibu, naye aandike katika daftari nani amekichukua na siku ya kukirudisha.