Hofu za Tungue Hazina Jina Moja

Kila tunapoitaja Palma darasani, hakosekani mwenzetu wa kusema, "Watu wa kule wote wana wasiwasi," na mjadala ukaishia hapo. Naikataa kauli hiyo. Neno moja likibebeshwa hofu zote, mgonjwa hukosa tiba yake na mzima huitwa mgonjwa.

Palma ni mji ulio kwenye ghuba ya Tungue. Ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na maelfu ya watu wakakimbilia msituni na baharini. Wengi waliishia Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado. Mtu anayekataa kwenda shambani kwa sababu njia si salama, huyo si mgonjwa. Hofu yake inamlinda. Anachohitaji ni ulinzi, si vidonge.

Maradhi ya wasiwasi ni jambo jingine, tena yana aina zake. Mama anayehangaikia kila kitu kwa miezi mingi, halali wala hatulii hata siku za shwari, huenda ana wasiwasi wa jumla. Anayeshikwa ghafla sokoni, moyo ukamwenda mbio, pumzi zikambana, akadhani anakufa, kisha hali ikapita baada ya dakika chache, hayuko kama mama yule. Vipindi hivyo vikijirudia, naye akaanza kuishi kwa kuviogopa, ana maradhi ya hofu ya ghafla. Mtoto mkubwa asiyekubali mama yake aende hata kisimani ana wasiwasi wa kutengana. Na yule anayerudiwa na shambulio lenyewe usiku na mchana, kana kwamba linatokea sasa, ana maradhi ya kiwewe, ambayo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliyatoa katika kundi la wasiwasi mwaka 2013 na kuyapa sura yake.

Tofauti hizi si mapambo ya vitabuni. Mwenye hofu ya ghafla hufundishwa kwamba moyo kwenda mbio hakutamuua. Mwenye kiwewe husaidiwa kuikabili kumbukumbu yake hatua kwa hatua, akiwa mahali salama. Ukimpa wa kwanza tiba ya wa pili, umempotezea muda na imani.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya kutenganisha haya. Si kweli. Tunayo woga, wahaka, fadhaa, taharuki, kiwewe, kihoro. Wazee wetu hawakuyatumia kiholela. Sisi wasomi ndio tunaoyatupa yote katika kapu moja la "wasiwasi".

Basi tunaosoma lugha hii tusijitoe. Daktari hutibu alichoelezwa, na mgonjwa huelezea kwa maneno aliyo nayo. Tukiyafifisha maneno hayo, nasi tumeshiriki kumnyima tiba.