Sapu ya baharini: nani kawaambia mawimbi ni ya wazungu?

Najua wengi wenu mko bize na testi, na wengine mnahesabu siku za bumu. Mimi wikiendi nzima iliyopita nilikuwa Kigamboni, baharini, nimesimama juu ya ubao na kafi mkononi, nakimbizana na mawimbi. Tangu Jumatatu nasikia maneno mpaka basi. "Siku hizi umekuwa mzungu?" "Bahari haina mchezo dada, utakufa." "Mwalimu mtarajiwa anacheza na mawimbi, watoto atawafundisha nini?"

Sasa jamani naomba niseme wazi, na wenye roho nyepesi mniwie radhi. Nilichosikia ni maneno ya watu wasiojua kuogelea. Na hoja yangu leo ni moja tu: nchi yenye zaidi ya kilomita 1,400 za pwani, ukiacha Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, ikiwafundisha watoto wake kuiogopa bahari badala ya kuijua, inawaandaa wafe maji. Na sisi wa ualimu ndio tunaokabidhiana hiyo hofu, mwalimu kwa mwanafunzi, mwaka hadi mwaka.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ambao hawajauona. Kwa kifupi wanauita SUP. Ndiyo, kama ile sapu ya chuo, teh teh, ila hii unaitafuta mwenyewe. Unakuwa na ubao mpana wa kama mita tatu, na kafi ndefu inayokupita kimo kidogo. Unasimama katikati, miguu sambamba, magoti umeyalegeza, macho yako mbele na siyo miguuni. Kifundo cha mguu kimefungwa kamba iliyoshikana na ubao, ili ukianguka ubao usikukimbie. Maji yakiwa shwari hata bibi yangu anaweza. Kazi inaanza mawimbi yakiwa makubwa. Unakwenda nje ukiyakabili uso kwa uso, unageuza ubao, unaliangalia linalokuja kwa nyuma, unapiga kafi tatu nne za nguvu, halafu linakubeba lenyewe. Hapo mguu mmoja unarudi nyuma, kafi inageuka kuwa usukani, na kwa sekunde kumi hukumbuki hata kama una mtihani.

Haya, "mchezo wa wazungu". Eti mzungu gani? Mwaka 1779 James King, ofisa katika msafara wa Kapteni Cook, aliandika kwa mshangao namna Wahawaii walivyokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao, kwenye bahari ambayo mabaharia wake waliona ni kifo mtupu. Yaani mzungu ndiye aliyekuwa mtazamaji! Wamisionari wa Kimarekani walipofika Hawaii kuanzia 1820 wengi wao waliuona mchezo huo kuwa ni uvivu na utovu wa adabu. Aliyekuja kuutembeza duniani ni Duke Kahanamoku, Mhawaii mweusi wa jua, aliyechukua dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki ya 1912 na tena ya 1920. Hata hii ya kusimama na kafi ilianza kwa vijana wa ufukwe wa Waikiki, waliosimama na kafi ili wawaone vizuri watalii waliokuwa wakiwafundisha. Laird Hamilton na Dave Kalama kule Maui waliifufua tu miaka ya 1990 na kuipeleka kwenye mawimbi makubwa.

Nenda Peru. Pale Huanchaco wavuvi wana vyombo vya matete vinavyoitwa caballitos de totora. Wanatoka navyo kuvua wakipiga kafi ya mwanzi, wanarudi wamepanda mawimbi. Vyombo vya namna hiyo vimo kwenye vyungu vya watu wa Moche, waliokuwepo kabla Mhispania yeyote hajaiona Amerika.

Njoo sasa Afrika, maana ndiko mnakonibishia. Miaka ya 1640 Mjerumani aitwaye Michael Hemmersam aliandika kwamba huko Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatia majini ili wajue kuogelea. Miaka ya 1830 Mwingereza James Alexander akawaona vijana wa Accra wakiogelea kwenda nje na mbao zao, wakisubiri wimbi, wakirudi juu yake. Mwanahistoria Kevin Dawson ameyakusanya hayo katika kitabu chake Undercurrents of Power cha 2018. Anaonyesha pia kwamba zamani hizo Waafrika wengi waliogelea vizuri, wakati Wazungu wengi, hata mabaharia, walikuwa hawajui kabisa. Someni hapo mara mbili. Ubao ulikuwa darasa la kuogelea, na mwalimu alikuwa mzazi Mwafrika.

Na kwetu je? Nani hajamwona mvuvi amesimama ndani ya mtumbwi, anausukuma kwa pondo juu ya maji machache, hatikisiki? Huyo kasimama juu ya maji tangu babu wa babu yake. Tunayo maneno yake yote: kafi, kasia, pondo, bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi. Mtu ana lugha nzima ya bahari mdomoni halafu anasema bahari ni ya wazungu. Kaaazi kweli kweli.

Nirudi kwenye wikiendi yenyewe. Tulikwenda wanne, tukavuka na pantoni Jumamosi alfajiri, tukachangishana kukodi mbao mbili. Mahali pa kwanza, hoteli moja ambayo sitaitaja, mlinzi alitukatalia hata kukaa mchangani, eti hapo ni pa wageni. Wageni gani wakati bahari ni yetu? Tukasogea mbele hadi walipo wavuvi. Msimu wa kusi huu, upepo unavuma kutoka kusini na bahari imechafuka. Tusidanganyane, mawimbi yetu si ya Pe'ahi kule Maui, ambako yanaweza kupita mita 15. Madagaska imetukingia sehemu ya mawimbi ya kusini, na miamba ya matumbawe inavunja yaliyobaki kabla hayajafika ufukweni. Lakini nje ya mwamba Jumamosi ile yalikuwa yanafika kifuani, na Jumapili maji yalipojaa yalinipita kimo. Ukiwa umesimama juu ya ubao, hilo ni ghorofa.

Kulikuwa na mzee mmoja pale anatengeneza nyavu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anielekeze. Akacheka, akasema, "Binti, kwanza kaa chini uhesabu." Nikakaa naye karibu nusu saa. Akanionyesha kwamba mawimbi huja kwa mafungu: makubwa yakishapita kuna utulivu kidogo, na hapo ndipo chombo kinatoka. Akanionyesha mlango katika mwamba, pale maji yanapokuwa meusi na hayana povu, kwamba ndipo pa kupita. Akaniambia mkondo ukikuchukua usishindane nao, kata kwa ubavu hadi utoke. Na ukianguka, anguka bapa, usitangulize kichwa, na usikubali kamwe ubao uwe kati yako na wimbi.

Wadau, nimesoma saikolojia ya ujifunzaji, nimesoma mbinu za kufundishia, nimekariri madesa ya wataalamu kibao. Sijawahi kufundishwa vizuri kama nusu saa ile. Mtazame, uliza, hesabu, jaribu. Mzee hana cheti.

Jumapili ndiyo iliyonipa hasira ninayoandika nayo. Mimi niko nje juu ya ubao. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Dar, aliingia majini kujipoza, maji yakiwa kiunoni tu. Mkondo ukamvuta hatua chache, miguu ikakosa mchanga, akaanza kupiga mikono hovyo. Wenzake wawili wapo ufukweni, watu wazima, mwaka wa tatu chuo kikuu, hawawezi kufanya lolote zaidi ya kupiga kelele. Aliyeingia ni mtoto wa darasa la sita, na dumu tupu la lita ishirini. Hakumkumbatia, maana anajua anayezama hukuzamisha. Alimsukumia dumu, akamwambia "shika hilo, tulia," akamvuta taratibu kwa ubavu mpaka akasimama. Mimi nafika na ubao wangu wa kukodi, kazi imekwisha.

Mwenzetu yuko salama, mshukuruni Mungu. Lakini nilipomuuliza yule mtoto habari za shule, akaniambia mwalimu anamwita mtoro, kwa sababu siku nyingine anakwenda baharini na baba yake. Hebu fikirini. Utoro ni tatizo, sikatai, na darasani lazima aende. Ila shule imempa jina kwa kile asichokijua, na kile anachokijua, kilichookoa roho ya msomi wa chuo kikuu, hakina hata alama moja kwenye ripoti yake.

Mtasema nakuza mambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya asilimia 90 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo ni watoto chini ya miaka mitano. Shirika hilohilo linataja kuwafundisha watoto wa shule kuogelea na usalama wa majini kuwa moja ya njia za kupunguza vifo hivyo. Sisi tuna MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012, MV Nyerere 2018 iliyopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Aliyefungiwa ndani ya meli iliyopinduka haokolewi na kuogelea, na kosa la kujaza watu kupita kiasi si la abiria. Lakini Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, aliyewahi kufika alikuwa kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, na wenzake. Watu 24 walitoka hai. Wanaoijua mitumbwi ndio waliofika kwanza.

Najua visingizio vitakavyofuata. Cha kwanza, hela. Ubao ni ghali, kweli, na ndiyo maana sidai mbao. Kuogelea kunataka maji, dumu tupu na mtu anayejua. Mjomba alinifundisha mimi Lindi kwa dumu la mafuta ya kula, maji yamekupwa, pale kina kinapoishia magotini. Cha pili, mavazi na maadili, hasa kwetu wasichana. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha mabinti kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na walimu ni wanawake wa hapohapo. Mimi mwenyewe nilivaa taiti na fulana ya mikono mirefu. Wimbi halikuuliza. Cha tatu, hatari. Hicho ndicho kinanichekesha. Barabara nayo ni hatari, lakini mtoto anafundishwa aangalie kulia, kushoto, kulia tena. Hatumwambii asivuke barabara maisha yake yote.

Mnajua kuwa wakati sisi tunasema huu si mchezo wetu, wakubwa wawili wameupeleka mahakamani? Shirikisho la kimataifa la mchezo wa mawimbi na lile la mitumbwi waligombea nani mwenye SUP, na Agosti 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaamua kwamba kwenye Olimpiki ni ya watu wa mawimbi, ingawa wa mitumbwi nao wanaruhusiwa kuandaa mashindano yao. Wanagombania mtu kusimama kwenye chombo na kupiga kafi! Kitu anachokifanya mzee yule kila siku ya Mungu, na hakuna aliyemuita shahidi. Tukiendelea kusema si chetu, tutauziwa tiketi ya kukitazama.

Kwa hiyo wana ualimu wenzangu, hasa mtakaopangiwa mazoezi ya kufundisha Kilwa, Mafia, Pangani, Ukerewe, Mbamba Bay: mkifika, msianze na "marufuku kwenda majini". Mtafuteni mvuvi mmoja, mwombeni mkuu wa shule saa moja kwa wiki, kaeni na watoto kwenye maji ya magoti, wajifunze kuelea kabla hawajajifunza kukimbia. Muulizeni yule mnayemwita mtoro awe msaidizi wenu. Na kama wewe mwenyewe hujui kuogelea, jifunze kabla hujaenda. Huwezi kusimama mbele ya darasa la pwani ukafundisha kila kitu isipokuwa kile kinachowaua.

Jumamosi hii nakwenda tena. Nauli ya pantoni mnayo, madumu nitabeba mawili. Asiyejua kuogelea ndiye ninayemtaka zaidi.

Nawasilisha.